Hospitali teule si kadi ya mwaliko: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa TAMISEMI

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri wa Nchi wa TAMISEMI, na ninyi wakurugenzi wa halmashauri ambao barua hii mwisho wake itawaangukia mezani,

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na kwa vyeo vyenu, shikamooni, ingawa kwa umri wengi wenu mngepaswa kuniamkia mimi.

Nimeanza kama mnavyoanza ninyi mkishika kipaza sauti, na mnajua sisi tunavyoitikia, kila upande na kiitikio chake. Naipenda desturi hiyo. Lakini nimekaa sana chini ya maturubai ya hafla, na kila mara naona jambo lile lile. Sheikh, padri na mchungaji wanaketishwa mstari wa mbele. Wanaitwa kuomba dua ya kufungua. Wanaitwa tena kuomba dua ya kufunga. Hapo katikati, fedha zinapotajwa, nani atajenga nini, nani atahamishwa, nani atalipwa lini, hakuna anayewageukia kuwauliza. Kisha mgeni rasmi anasema serikali inathamini sana mchango wa taasisi za dini na wadau wengine katika huduma za jamii, tunapiga makofi, tunakula pilau, tunaondoka. Nawaandikia kuhusu hapo katikati.

Mimi ni muuguzi mkunga, nimestaafu. Miaka 31 nimeitumikia hospitali moja ya misheni huku kusini, kwenye mikoa ya korosho, chini ya masista wa Kikatoliki. Ni Mwislamu, baba yangu alikuwa mwalimu wa madrasa, na jinsi nilivyojifunga kichwa na alivyojifunga sista mkuu, wagonjwa wageni walikuwa wakituchanganya. Hospitali siitaji, wala wilaya, maana bado naishi hapo hapo na sukari nakopa duka moja na mhasibu wa halmashauri.

Hospitali yetu ilikuwa teule. Vijana wakilisikia neno hilo wanadhani ni sifa, kama mwanafunzi bora au mfanyakazi hodari. Lilikuwa neno la mkataba. Wilaya ikiwa haina hospitali ya serikali, na kanisa lina hospitali tayari, pande mbili zilikaa zikaandikiana: ninyi mna majengo na masista, sisi tutaleta watumishi na mishahara yao, tutaleta ruzuku ya vitanda, dawa zitatoka Bohari ya Dawa, nanyi mtamhudumia mwananchi kwa masharti yale yale ya hospitali ya serikali. Mjamzito asilipe. Mtoto wa chini ya miaka 5 asilipe. Mzee wa miaka 60 asiye na uwezo asilipe. Mwenye kifua kikuu asilipe. Sharti hilo la msamaha ndilo lililokuwa moyo wa mkataba. Mengine yote, hata mshahara wangu, yalikuwa njia ya kulifikia.

Kwa serikali hiyo ilikuwa nafuu kubwa, tuseme ukweli. Haikuweka tofali. Huku kwetu wamisionari wapo tangu 1876, Askofu Edward Steere alipofika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, na Wabenediktini wakaja baadaye, Peramiho 1898, Ndanda 1906, na popote walipojenga kanisa hawakukawia kuweka chumba cha dawa. Uhuru ulipokuja tuliyakuta majengo yamesimama. Na serikali yetu imeyashika, ikayaachia, ikayashika tena. Shule za misheni zilichukuliwa 1969. Bugando pale Mwanza ilifunguliwa 1971, ikataifishwa 1972, ikarudishwa mikononi mwa maaskofu 1985. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, zikabaki za serikali na hizi za dini, mpaka 1991 mlango ulipofunguliwa upya. Ndipo Februari 1992 serikali ikatia saini hati ya makubaliano na makanisa, yaani Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, kwamba huduma za afya na elimu zinazotolewa na makanisa zitalindwa na kusaidiwa. Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ile CSSC, imezaliwa humo. Mwaka uliofuata, 1993, uchangiaji ukaingia kwenye hospitali za umma, na Mtanzania akaanza kulizoea dirisha la malipo.

Sasa nije kwenye kilio changu.

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007, serikali imejenga, na imejenga kwelikweli. Bajeti ya 2018/19 peke yake ilitenga fedha za hospitali 67 za halmashauri. Yetu ilikuwa mojawapo ya wilaya zilizojengewa. Siku ya kuweka jiwe la msingi nilikwenda na kanga yangu mpya, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka, na sijutii. Nani anakataa hospitali ya pili? Lakini hatukupewa ya pili. Tulipewa ya kwanza nyingine, ikaondoka ile tuliyokuwa nayo.

Barua ya halmashauri ilifika siku ya Alhamisi, aya mbili tu. Ilisema kwa kuwa halmashauri imekamilisha hospitali yake, hadhi ya uteule ya hospitali yetu imekoma, na watumishi walioazimwa waripoti kituo kipya ndani ya siku 14. Waganga watatu, wauguzi kumi na mmoja, mtu wa maabara, na mtaalamu wetu wa dawa za usingizi. Huyo wa mwisho ndiye aliyefunga chumba cha upasuaji bila kugusa kufuli. Hospitali mpya ilikuwa kilomita 52 kutoka kwetu, na mashine yake ya usingizi ilikuwa bado ndani ya sanduku. Tukawa na chumba cha upasuaji kisicho na mtaalamu, na huko mtaalamu asiye na mashine, na katikati ya vitu viwili hivyo barabara ya vumbi ambayo masika hugeuka bwawa.

Hakukuwa na mkutano wa kijiji. Diwani aliambiwa na dereva wa gari la wagonjwa.

Wiki mbili baadaye kwenye dirisha la malipo ilibandikwa karatasi ya manila. Iliandikwa kwa kalamu nene nyekundu: KUANZIA TAREHE 1 HUDUMA KWA WAJAWAZITO NA WATOTO NI KWA MALIPO. Chini yake, kwa kalamu ya kawaida ya bluu, kulikuwa na neno moja dogo: samahanini. Hilo aliliongeza sista wa uhasibu. Mwandiko wake naujua.

Siku chache mbele alikuja mama mmoja, mimba ya nne. Watatu wa kwanza wote niliwapokea mimi. Alikuwa na mfuko wake tayari, kanga mbili zilizofuliwa, pamba, wembe mpya haujatolewa kwenye karatasi yake. Akaiangalia ile manila muda mrefu, kisha akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akauliza, "Hata mimi, nesi?" Nikamwambia hata wewe, mama. Akahesabu kwa vidole, si fedha, ni miezi. Ulikuwa Agosti. "Korosho mpaka Oktoba," akasema, kama anayeniomba niongee na korosho ziwahi. Akakunja mfuko wake, akaita bodaboda.

Alijifungulia nyumbani, kwa bibi yake. Walitoka salama wote wawili, alhamdulillah, na nalisema hili mapema asije mtu akadai natia chumvi. Ila mkunga yeyote atawaambia mimba ya nne na kuendelea inavyoweza kumwaga damu, na bibi yake hana oksitosini, ile dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua, wala chupa ya damu kwenye kibuyu. Alipona kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Serikali haikuhusika.

Niwaeleze na kuhusu korosho, maana huko Dodoma mnaziona kwenye takwimu za mauzo ya nje. Huku kwetu fedha ina msimu. Kuanzia Oktoba minada inafunguliwa, watu wanalipwa, wanaezeka mabati, wanaoa, wanalipa madeni. Kuanzia Machi mpaka Septemba mtu mwenye ekari sita za mikorosho anaweza kukosa shilingi elfu tano. Masista walilijua hilo kabla ya mchumi yeyote. Kulikuwa na daftari la jalada gumu tuliloliita daftari la korosho. Wale ambao hawakuwa kwenye msamaha, vijana na wanaume wazima waliovunjika miguu au kung'atwa na nyoka, walitibiwa Juni wakaandikwa, Novemba wakaja wenyewe kulipa. Si wote. Kila Januari sista alipiga mstari kwenye majina ya walioshindwa, akasema hao ni wa Mungu. Daftari hilo liliwezekana kwa sababu mishahara yetu ilitoka hazina. Mishahara ilipoondoka, daftari nalo likafungwa, maana hospitali inayolipa watumishi kwa fedha za dirishani haiwezi kumsubiri mtu mpaka Novemba.

Mtasema hospitali ya kanisa ina wafadhili. Ilikuwa nao. Wale wazee wa Ujerumani waliokuwa wanatuma makontena ya mashuka wanakufa mmoja mmoja, na wajukuu zao hawaendi kanisani. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wa mradi waliokuwa kwenye kliniki yetu ya CTC, ile ya wenye virusi vya UKIMWI, waliambiwa kesho wasije. Nilikuwa nimeshastaafu, nikaombwa niende kusaidia kupanga mafaili. Nilikwenda. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kama kawaida yao, na dawa zilikuwepo stoo, zile za serikali. Aliyekosekana ni mtu wa kuzitoa. Masista waliuza ng'ombe wao saba wa maziwa kulipa wauguzi wawili kwa muda. Ng'ombe wa nane hayupo.

Lakini lililoniuma zaidi si la masista, ni la chama chetu cha kuzikana. Kijijini kwetu tuna chama cha kaya karibu zote, Waislamu na Wakristo pamoja, kwa sababu kifo hakiulizi dini na sanda na sanduku vyote vinanunuliwa. Mtu akifariki, kila kaya shilingi mia tano na sahani ya unga. Hesabu zake ziko kwenye daftari ambalo mweka hazina, mama muuza samaki, anaweza kukusomea akiwa amefumba macho. Siku moja akasimama kwenye kikao akasema jambo ambalo sijalisahau: sisi tunajua kuzikana, mbona hatujui kutibiana? Akapendekeza akiba ya chama inunue kadi za CHF iliyoboreshwa, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, elfu thelathini kwa kaya ya watu sita, tuanze na kaya ambazo hazijiwezi. Ilichukua vikao vinne, kwa sababu wazee waliogopa mtu akifa kesho fedha haitoshi. Tukakubaliana. Tukanunua kadi 40.

Kadi hizo zikafika mwezi ule ule uliotuletea barua ya aya mbili. Hospitali iliyo umbali wa kutembea kwa miguu haikuwa tena na mkataba, kwa hiyo haikuweza kuzipokea. Ya kilomita 52 ilizipokea. Nauli ya kwenda na kurudi, wewe na anayekusindikiza, ni zaidi ya bei ya dawa. Kikao cha tano mama muuza samaki hakuongea.

Waheshimiwa, hiyo ndiyo jamii mnayoiita mdau. Ilikusanya fedha yake yenyewe, ikajipanga, ikaamini karatasi ya serikali. Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mnapita kutuhamasisha tujiunge. Machi 2024 tuliona hata mijini, hospitali kubwa za binafsi zilipogoma kupokea wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa ugomvi wa bei mpya. Mwenye kadi Dar es Salaam alipanda daladala akaenda Muhimbili. Huku kwetu hakuna daladala ya kwenda popote. Kadi ya bima ina thamani ya kituo kilicho karibu kilichokubali kuipokea, na mwenye kukiwekea kituo hicho mkataba ni mkurugenzi wa halmashauri, si mwenye kadi.

Sasa niseme ya upande wangu, maana najua ndugu zangu watauliza. Tangu hati ile ya 1992, Waislamu wengi wanaiona kama serikali kuyakatia makanisa fungu la kodi ya wote. Nimeyasikia kwenye mawaidha, nimeyasikia kwenye redio, na marehemu mume wangu alizoea kunitania kila mwisho wa mwezi kwamba nimeleta mshahara wa padri. Malalamiko hayo yana haki nusu. Nusu yenye haki ni hii: serikali isiyo na dini haiwezi kuwa na makubaliano na dini moja, ikawaambia wengine wapeleke maombi. Nusu isiyo na haki ni kudhani fedha ile ililiwa na kanisa. Daftari la leba niliandika mimi kwa mkono huu. Akina Somoe na Hadija na Zainabu walijaa kurasa, Maria mmoja mmoja. Kodi ya Mwislamu ilikuwa inarudi kwa Mwislamu, imepitia kwa sista.

Serikali ikitaka inaweza. Rais Mkapa aliwapa Waislamu majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO pale Morogoro, na mwaka 2005 kikasimama Chuo Kikuu cha Waislamu. Basi mlango huo ufunguliwe kwa kanuni, usiwe zawadi ya rais mmoja. Zahanati ya msikiti yenye mganga mwenye cheti, maabara inayofanya kazi na hesabu zilizokaguliwa, ipate mkataba ule ule inaopata ya kanisa. Nasi Waislamu tujiandae kuulizwa. Kuna kata hapa yenye misikiti mitatu inayotazamana kwa vipaza sauti, na yote haina chumba cha kumpima mtu malaria. Mkitupa fomu leo tutajaza nini?

Masista wangu nao wasidhani nimewapakia kwenye kapu la watakatifu. Miaka ile yote ya uteule, mishahara ikitoka hazina, bodi ya hospitali ilikuwa ya askofu na watu wa askofu. Mwananchi wa kawaida hakukaa pale. Hesabu hazikuwahi kubandikwa ukutani, na ukiuliza uliambiwa kwa upole sana kwamba zinatumwa jimboni. Sala ya asubuhi ilikuwa lazima kwa watumishi wote mpaka sisi watatu tulipokwenda kwa mganga mfawidhi kumweleza kwamba tunaweza kutumia zile dakika kumi na tano kupokea zamu. Akakubali, na ninadhani hata Mungu alikubali.

Kubwa kuliko hayo ni uzazi wa mpango. Hospitali ya Katoliki haitoi vidonge, sindano, vipandikizi wala kitanzi. Ni imani yao, na sikuwahi kugombana nao. Lakini hospitali hiyo ndiyo iliyokuwa hospitali ya wilaya. Nimewahi kumshonea mama kovu la tatu la upasuaji, nikijua kabisa anachohitaji, na nikijua hakipo kwenye kabati langu. Tulinusurika kwa sababu Mganga Mkuu wa wakati huo, mtu wa busara, alileta huduma ya mkoba ya uzazi wa mpango kila Jumanne kwenye ofisi ya kata, ng'ambo ya barabara, na mimi nilichofanya ni kuwaambia akina mama kwamba Jumanne kuna soko zuri kule ng'ambo. Sista mkuu alijua. Hakuuliza. Mganga Mkuu huyo alipohamishwa, huduma ya mkoba ilihama naye, kwa sababu haikuwa imeandikwa popote. Ndiyo maana nasisitiza maandishi. Taasisi ya dini iseme waziwazi isichoweza kufanya, na halmashauri iandike hapo hapo nani atakifanya, siku gani, jengo gani.

Kuna na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 mlizindua mpango wa kuwapata zaidi ya 137,000, wawili kila kitongoji au mtaa, na wenye malipo. Nimefurahi, kwa dhati. Ila miaka ile UKIMWI ulipokuwa unatumaliza, kulikuwa na akina mama na akina baba waliofundishwa na misheni kuhudumia wagonjwa majumbani. Walipewa baiskeli na sanduku la bati lenye glovu na paracetamol, na soda siku ya semina. Walitawadha wagonjwa ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa. Wengi sasa wamezeeka, vyeti hawana. Sisemi muwaajiri wote. Nasema kijana mpya mnayemleta na kishikwambi chake aanzie kwao, aambiwe kaya gani mlango haufunguki mpaka uitwe na nani. Maarifa hayo hayamo kwenye kishikwambi.

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi. Halmashauri ikitaka kuvunja mkataba na hospitali au zahanati ya taasisi ya dini, isivunje kwa barua kwa askofu. Iitishe mkutano wa hadhara wa vijiji vinavyotibiwa pale, mwaka mmoja kabla, ieleze mjamzito atakwenda wapi, kwa usafiri gani, na kama huko aendako chumba cha upasuaji kinafanya kazi. Mtumishi wa kwanza asiondoke upande huu kabla mtoto wa kwanza wa upasuaji hajalia upande ule. Na uteule ukiisha, mkataba wa huduma kwa wajawazito na watoto ubaki, hata kama ni huo tu. Miongozo ya mikataba ya namna hiyo mnayo tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita; haikosi fomu, inakosa mtu wa kuisaini na, akishaisaini, wa kuilipa.

Maana kulipa nako ni habari. Mkurugenzi anayesaini mkataba kisha akakaa robo mbili bila kupeleka fedha, ameuvunja kimya kimya. Bandikeni kwenye ubao wa kata: mwezi huu hospitali fulani imepelekewa shilingi kadhaa, kwa ajili ya akina mama kadhaa. Hospitali nayo ibandike pembeni yake imezitumiaje, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu aingie mpaka kwenye ofisi ya sista, kwa heshima, avue viatu kama kuna haja, lakini aingie. Kwenye bodi wakae wanakijiji wawili. Mimi nina jina la mmoja tayari, anauza samaki.

Na mkitualika tena kwenye hafla, sheikh wetu na paroko wetu wako tayari kuomba dua. Wapewe na nakala ya bajeti siku tatu kabla, waisome.

Mnakaribishwa kuja kuona. Wodi ya wazazi ina vitanda 18, vinavyotumika ni sita. Wino mwekundu wa ile karatasi umepauka, inabidi usogee karibu kuisoma. Msituletee maturubai, njooni Jumatano, siku ya kliniki ya wajawazito, mkae kwenye benchi lililo mkabala na dirisha la malipo kuanzia saa mbili asubuhi. Ila mje kabla ya Oktoba. Minada ikishaanza mtakuta watu wanalipa, mtarudi Dodoma mkiandika kwamba tatizo halipo.

Wenu,

Muuguzi mkunga mstaafu, mwanachama wa chama cha kuzikana, mikoa ya kusini